Rangi Nyepesi ya Uso wa Bibi

Wabiwa, mwanangu, mama yangu mdogo,

Kwanza usikasirike. Ukishindwa, basi soma mpaka mwisho ndipo ukasirike vizuri.

Ninakuandikia mchana huu nikiwa peke yangu nyumbani. Wewe na mama yako mmekwenda Nundu kumuaga bibi. Kabla ya kuondoka uliwapanga watu wako wadogo wa mbao wote juu ya meza, ukaniambia nisiwaguse. Uliniambia mbele ya mama yako, kwa sauti ya mtu anayemjua baba yake. Nami nikaitikia kwa adabu. Pikipiki yenu ilikuwa haijafika hata sokoni, mimi nikawa nimeshaanza kutafuta kopo la vanishi.

Nisikilize. Niliwaza barabara. Nilikuona kwenye lori na sanduku lako magotini, vumbi lote la huku Baraka mpaka Uvira, kisha mvua ya milimani kuelekea Bukavu, na hao watu wako ambao hakuna anayeuzidi urefu wa kidole changu cha kati wakigongana humo ndani. Mimi ni mpaka rangi wa mitumbwi, na kwetu kitu kinachokwenda safari hupakwa vanishi. Nikasema nitamtendea mwanangu jambo zuri kimya kimya, akirudi atakuta wote wanang'aa. Nikaanza na bibi, mama yangu wa mbao, yule muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote. Vanishi ilikuwa imeganda, nikaizimua kwa ile dawa kali ya wapaka rangi wa magari, nikampaka kichwa mpaka miguu.

Sijamaliza kufuta brashi, uso ukaanza kujikunja. Rangi yako yote ilijikusanya kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nikajaribu kuisawazisha kwa kidole, na uso wa mama yangu ukaja na kidole.

Nilikaa chini. Nilitaka kulia, mama, sikufichi, na nililia kidogo.

Maana najua kesho ni nini. Lori linaondoka alfajiri. Yule mama wa Bukavu mwenye karakana ya sanamu za kanisa alikuambia kwenye simu kwamba hataki maneno, uje na kazi yako auone mkono wako, ndipo ajue kama atakuchukua au atakurudisha. Na kazi yako ni hilo soko: mvuvi anayeshona wavu, motadi na pikipiki yake anayepanga bei na mteja, msichana wa mihogo, mchungaji aliyeshusha maziwa kutoka milimani, na katikati yao bibi na beseni lake la ndagala, wote wamegeuka kidogo kumtazama yeye. Ukimtoa bibi, wanabaki watu waliosimama barabarani bila sababu.

Kwa hiyo nikachukua wembe, nikamkwangua taratibu mpaka mbao aliyochonga mjomba wako ikaonekana. Vanishi ilikuwa imetiririka hadi chini ya kikanyagio chake. Nikaisugua kwa msasa, na ile alama yako ya samaki unayoichora chini ya kila mtu aliyekamilika ikaenda na vumbi la msasa. Sasa yuko mbele yangu juu ya kizibo cha chupa, mtupu, hana rangi, hana uso. Mimi nina kazi ya kumrudisha kabla hamjafika.

Nimekwisha kumpaka tabaka la kwanza na nimemweka nje juu ya bati la jikoni, jua lilipo kali. Ndiyo maana nina nafasi ya kukuandikia. Angalia hali ya baba yako: miaka yote hii nimekucheka kwa rangi yako ya maji maji, na leo hakuna njia nyingine. Nikimpaka kwa namna yangu, rangi nzito mara moja, atafika Uvira bado anashika vidole. Tabaka jembamba tu ndilo litakalokauka kwa wakati.

Unajua nilikotoka na rangi nzito. Nilijifunza kazi ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, na ndiko nilikookota na hiki Kiswahili changu cha kuandikia unachokicheka. Fundi wangu alikuwa na sheria zake. Mtumbwi unapakwa rangi nzito inayoingia kwenye viungo vya mbao na kuziba. Anayezimua rangi ya mtu ni mwizi, kwa sababu nusu ya kopo ataipeleka kwake. Nikarudi Baraka na sheria hizo kichwani. Watu wakanipa kazi kwa sababu mtumbwi wangu ulikuwa haunyonyi maji. Nilijivuna sana. Niliamini ukijua kupaka mtumbwi unajua kupaka chochote.

Ndipo parokia wakaniletea watu wa Noeli, wale wa kwenye pango. Ulikuwa darasa la tatu. Nikawapaka wote asubuhi moja, Yosefu wa kijani, wachungaji wa nyekundu, rangi ileile ya mitumbwi, nzito kama ugali. Nilipowapanga uani nikawa naona wamependeza. Padri alikuja akawatazama, akasema wana rangi nyingi, akaaga. Alikuwa mtu mwenye heshima zake. Wewe ulichuchumaa, ukamchukua Bikira Maria, ukamgeuza huku na huku, kisha ukaniambia bila woga wowote:

“Papa, rangi yako iko nakula macho ya bantu.”

Ulisema kweli. Mjomba wako alikuwa amewachonga macho, midomo, hata mikunjo ya nguo, na mimi nilikuwa nimevizamisha vyote. Nilikuambia uniache, kazi ya wakubwa huijui. Jioni nikakukuta nyuma ya nyumba na sindano ya mama yako, unamfungua Mtoto Yesu macho.

Kuanzia hapo hukutulia. Ulikata manyoya ya sikio la mbuzi wa jirani, ukayafunga ndani ya bomba la kalamu ya biki, ikawa brashi. Ukakusanya vizibo vya bia. Ukachukua masalio ya makopo yangu na tone la esansi, petroli ya pikipiki, ukawa unachanganya na kujaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Mwenye mtumbwi mmoja akakukuta karibu na kopo lake, akanifuata mpaka nyumbani na watu nyuma yake: “Papa Wabiwa, mutoto yako iko natia esansi mu rangi yangu. Ni wizi gani hii?” Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukamletea kizibo chako, ukamwonyesha kwamba ni mabaki uliyokwangua kutoka kopo lililotupwa, halafu ukamwonyesha mvuvi mdogo uliyempaka. Yule bwana akamtazama. Akauliza kama unaweza kumpaka yeye. Mpaka leo yuko kwenye dirisha la nyumba yake, na tumbo lake lote, na anajivunia.

Ngoja, naenda kumwangalia bibi.

Amekauka. Nimempaka tabaka la pili na nimeliharibu.

Nilizimua kwa esansi kupita kiasi. Nilidhani nyepesi maana yake ni maji mengi, nikachovya brashi yote. Rangi ikakimbia, ikajikusanya chini ya kidevu na kwenye mikunjo ya kitenge, ikaacha michirizi kama ya ukuta baada ya mvua. Nimeifuta yote kwa kitambaa. Sasa nakumbuka ulivyokuwa ukifanya, na miaka yote nilidhani ni madoido ya msichana: unachovya ncha tu, unaifuta brashi nyuma ya mkono wako mpaka iache alama nyepesi, ndipo unamgusa mtu. Mama yako anagomba kila siku kuhusu ngozi yako yenye rangi. Kumbe kazi yote iko pale, nyuma ya mkono. Nimerudia kwa namna yako. Imekaa.

Wabiwa, umewahi kujua kwamba ninakutazama ukifanya kazi? Najifanya nasafisha makopo. Nimeona unavyoanza na rangi ya giza mtu mzima, mpaka nadhani umemharibu. Kisha unaleta ya hudhurungi, nyepesi, unaipitisha juu tu, na lile giza unaliacha kwenye mashimo ya macho na kwenye kona za mdomo. Kisha nyingine yenye wekundu. Kisha nyingine. Kila moja ni kama hakuna kitu, ukiitazama peke yake unauliza imefanya nini. Halafu ghafla mtu yuko pale anataka kusema. Mimi nina mikono iliyopaka mitumbwi nusu ya hii pwani ya ziwa, lakini sijawahi kufanya kitu kikanitazama.

Nilivyokuwa mpaka rangi, ndivyo nilivyokuwa katika mambo mengine. Tuliporudi kutoka kambini nilitaka maisha yote siku moja. Nilimwambia mama yako habari za mahari siku ileile nilipojua jina lake, akanikimbia msimu mzima, na alikuwa sawa. Nikafyatua matofali ya nyumba hii, na kabla hayajakauka ndani nikayapandisha ukuta, kwa sababu nilitaka watu waone nina nyumba. Unaujua ufa wa upande wa jikoni. Nimeupaka chokaa kila mwaka tangu hujazaliwa, nene kabisa, na kila mwaka unarudi kunisalimia. Ukuta ule haukuhitaji chokaa. Ulihitaji mimi ningoje.

Sikuambii ukae kizembe huko Bukavu. Nakuambia tu kwamba watakuharakisha. Kutakuwa na mtu kama mimi anayetaka Yosefu kumi ifikapo Jumamosi. Na kutakuwa na siku utatazama maisha yako huko, chumba cha kupanga, baridi, watu wanaocheka Kiswahili chetu cha Baraka, uone ni tabaka la kwanza la giza, udhani ndiyo sura yenyewe. Siku hiyo ukumbuke unavyoanza watu wako. Mengine unayajua kuliko mimi.

Tabaka la tatu liko juu yake. Jua linashuka, bati limepoa, kwa hiyo nimemhamishia karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Esansi nimeipeleka mbali uani, sijapoteza akili zote.

Nikuambie kuhusu uso huu, kwa sababu sasa ndio nimeufikia. Nilimjua mama yangu miaka yote ya maisha yangu. Nilikuwa mgongoni mwake tulipovuka ziwa. Ungeniuliza ana rangi gani ningekujibu ni mweusi wa kawaida, kama sisi, na ningechukua kopo moja. Wewe ulikwenda Nundu msimu wa mvua, ukakaa naye kwenye baraza akianika ndagala, hukuchora hata mstari, ulitazama tu. Nilidhani umekwenda kula. Uliporudi ukampaka, na chini ya macho yake ukaweka wekundu mwembamba sana, na kwenye shavu la kushoto kivuli kidogo ambacho upande wa kulia hakipo. Nilikuambia umekosea. Ulinijibu kwa upole kwamba nikaangalie.

Nikaenda kweli, nikiwa na huyo bibi mdogo mfukoni, nikiwa na hasira zangu ili nikuonyeshe. Mama yangu akamshika kwenye kiganja, akamsogeza karibu na macho. Kisha akasema, “Nani alimwambia kama moshi ya samaki ilinibakiaka hapa?” na akagusa chini ya macho yake. Miaka yote aliyoinama juu ya moshi wa samaki ili mimi nile, ilikuwa imekaa hapo, nyekundu, mbele ya macho yangu, na mimi mtoto wake, mtaalamu wa rangi, sikuiona. Wewe unayebeba jina lake ndiye uliyeiona. Nilirudi Baraka. Nilipaswa kukuambia siku hiyo kwamba unanishinda, na kwamba nafurahi. Nakuambia leo.

Na yule mchungaji wa Bibokoboko, kule milimani, pia. Nilikuambia umtoe kwenye soko, hali ilivyo siku hizi kati yetu na watu wa milimani, watu watauliza maswali, mbona umemweka na huyu. Uliendelea kuchanganya rangi. Ukasema, “Papa, mu soko alikuwaka. Nikimutosha, itakuwa soko ya uongo.” Kisha ukalipaka koti lake kwa kijivu chepesi tabaka juu ya tabaka, kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, mpaka likawa koti lililonyeshewa njia nzima kutoka milimani. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alianza kusema, akaliona lile koti, akauliza tu maziwa yalikuwa yanauzwaje zamani zile. Nilikuheshimu siku hiyo kama ninavyowaheshimu watu wazima wachache sana.

Basi nimefanya uso. Giza, hudhurungi, wekundu chini ya macho, kivuli cha shavu la kushoto. Sasa najua ni la kushoto, nimefumba macho nikamwona. Kitenge nimekipa njano yake, na maua sikuyaweza, nimeweka vidoa. Ndagala nimewapitishia rangi ya fedha kidogo. Hafanani na wako. Wako alikuwa anataka kucheka. Huyu wangu ametulia tu, kama mtu aliyekaa sokoni tangu asubuhi. Lakini ana macho, Wabiwa. Sikuyala.

Nasikia pikipiki. Naacha.

*

Nimerudi kwenye barua. Tumekwisha kula, mama yako anakufungia chikwange, ule mkate wa mihogo, na samaki, na wewe uko uani unasuka nywele na dada wa jirani. Nataka niimalize kabla hujaingia.

Uliona nilivyokuwa nimekaa mbali na meza kama mtu asiye na habari. Nilikuwa nimejipanga kukuambia ukishakunywa maji. Hukunywa maji. Ulikwenda moja kwa moja mezani, ukaanza kuwafunga kwa pamba mmoja mmoja, mvuvi, motadi, msichana wa mihogo. Ukamshika bibi. Ukamsogeza kwenye taa. Ukamwangalia kama ulivyokuwa ukimwangalia Bikira Maria wa rangi ile nzito ya zamani, huku na huku. Ukapitisha kidole juu ya shavu la kushoto. Kisha ukamgeuza chini juu, ukatazama kikanyagio kisicho na samaki.

“Papa,” ukasema, “bibi iko muchovu leo.”

Nikasema ni safari ya kesho inamsumbua. Ulichukua sindano yako, ukainamia chini ya bibi, ukakwaruza kwa muda, mgongo umenigeuzia. Kisha ukanipa yeye na kipande cha pamba.

“Umufunge weye.”

Nilimgeuza kabla ya kumfunga. Samaki wako alikuwa amerudi mahali pake. Na ubavuni mwake, mdogo lakini umechorwa vizuri, ulikuwepo mtumbwi.

Nilianza barua hii ili nikuombe radhi, na ili nikuambie umweleze yule mama wa Bukavu kwamba mmoja kati ya watu wako hakupakwa na wewe, asije akakuhukumu kwa mkono wangu. Naona sasa mambo hayo yote mawili umeshayamaliza kwa sindano. Akiuliza mtumbwi ule ni wa nani, mwambie. Akikuchukua, nitaringa Baraka nzima mpaka wanichoke. Akikurudisha, rudi, makopo yangu yapo, na nitamwona mjinga tu yule mama.

Ukiona mahali nimekosea kwenye uso wa bibi, usimkwangue. Pitisha rangi yako juu ya yangu, nyepesi, kwa namna ile yako, ili na yangu ionekane kidogo chini yake.

Nenda, mama yangu. Anakuaga mwanafunzi wako, ambaye pia ni

Baba yako